Ndoo ya Mama Rula

Watu wa Feri wana mambo yao. Waletee cheti chenye muhuri wa serikali, watakifungia karanga. Lakini jina wakikubandika, hilo utazikwa nalo. Moza binti Humoud walimwita Mama Rula, kwa sababu ya ubao wake mweupe wenye namba ubavuni. Kwa miaka mitatu aliubeba kila asubuhi kutoka nyumbani kwake mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, mpaka Feri, soko la samaki, akawa analaza samaki juu yake mmoja mmoja, pua ikigusa ukingo, mkia ukinyooshwa, anasoma urefu na kuuandika. Basi, kazi ndiyo hiyo. Wapo waliomuuliza kama anawashonea suruali.

Hakuwa msomi, na hilo lilimuuma kuliko alivyopenda watu wajue. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, mama wa binti mmoja. Baba yake, Mzee Humoud, aliuza nyavu, ndoana na kamba mtaa wa Narung'ombe, enzi ambazo mvuvi wa Mafia au Kilwa hakushuka mjini bila kupita dukani kwake. Moza alikulia chini ya kaunta ile. Alijua majina ya samaki kabla hajajua jedwali la kuzidisha. Duka lilikufa na mwenyewe. Siku hizi pale wanauza chaja na makava ya simu.

Kituo cha utafiti wa bahari kilipotafuta mtu wa kupima samaki Feri, walijitokeza vijana wenye digrii zao, na yeye na cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne ndani ya pochi. Daktari Rogath, mtafiti aliyesimamia kazi hiyo, akamwaga samaki mezani na kuwaambia wawataje. Vijana wakataja kama kitabu kilivyosema. Moza akataja jina, akasema na anakovuliwa, na kwa wavu gani, na yupi kati yao alikuwa amelala kwenye barafu siku mbili. Daktari akacheka, akamwambia mama, kazi ni yako. Siku hiyo Moza alirudi nyumbani akajifungia chooni akalia, ili binti yake Anfal asimwone.

Samaki aliyetakiwa hasa ni tasi, yule anayekula nyasi zinazoota chini ya maji karibu na pwani. Tasi wa huku kwetu, Daktari alieleza, hazai mpaka afike kama sentimita ishirini na mbili. Ukimvua kabla ya hapo, umemla yeye na wajukuu zake. Kituo kilitaka kujua jambo moja tu: wale wanaoletwa Feri wameshazaa au bado? Ikiwa bado, yale malisho ya nyasi yafungwe miezi minne kila mwaka, asitie wavu mtu, samaki wapumue. Ikiwa wameshazaa, basi hakuna haja ya kuwatesa wavuvi. Jibu lilikuwa kwenye ubao wa Moza.

Na jibu lilikuwa tamu. Ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na tatu. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna tofauti. Ripoti ikaandikwa. Wiki mbili kabla ya kikao cha kuisoma mbele ya wavuvi na maofisa, Daktari akamtumia Moza picha ya jalada kwenye simu, na chini ya jina lake mwenyewe kulikuwa na maneno "Takwimu: Moza Humoud." Lo! Mtaa mzima wa Mkunguni uliliona jalada lile. Muuza genge aliliona mara tatu, mara mbili bila kutaka. Moza akanunua kitambaa cha zambarau, akampelekea fundi, akamwonya kwamba kikao ni Alhamisi na asimletee habari za mafundi.

Sasa njoo Jumanne.

Jumanne hiyo Awadhi hakuwepo. Awadhi ni dalali wa mnada wa tasi, mtu wa Kilwa, na sauti yake inafika Kigamboni bila kupanda pantoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea Moza samaki wa kupima. Ndiyo, alimletea. Mafunzoni Daktari alisema: chukua tenga lolote, limwage lote chini, pima thelathini wa kwanza watakaogusa mkono wako, usichague. Lakini siku ya kwanza kabisa, Moza alipoinama kwenye tenga, Awadhi alikuja mbio kumzuia. Binti wa Mzee Humoud ainame kwenye damu na matumbo ya samaki, yeye Awadhi akiwa hai? Miaka ishirini nyuma baba yake Awadhi alifia mjini hapa, hana ndugu hata mmoja wa karibu, na Mzee Humoud ndiye aliyetoa sanda, akasimamia kaburi, akawalisha waliokuja kuzika. Fadhila kama ile hailipwi, inabebwa tu. Awadhi akamwekea Moza kigoda kivulini, akaenda, akarudi na ndoo: tasi thelathini, wameoshwa, wamepangwa. Kesho yake tena. Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Awadhi alikwama kwenye siku ya pili miaka mitatu mizima.

Na Moza? Moza hakuuliza. Tusimpambe, ziko asubuhi alijiuliza mbona ndoo hii haikosei hata siku moja, kisha swali akalimeza na chai. Kigoda cha kivulini kina utamu wake, na kuheshimiwa kwa ajili ya baba yako kuna utamu zaidi.

Basi Jumanne Awadhi alikuwa Kilwa kwenye arobaini ya shangazi yake. Kigoda kipo, ndoo hakuna. Moza akajifunga kanga kiunoni, akavuta tenga, akalimwaga juu ya turubai kama alivyofundishwa. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na tano. Kumi na saba. Akadhani hajaona vizuri, akaufuta ubao kwa upindo wa kanga, akaanza upya. Thelathini walipokwisha, waliofika ishirini na mbili walikuwa wawili. Akamwaga tenga la pili, akapata mmoja.

Wazo lililomjia kwanza lilikuwa la kitoto: kwamba bahari imekufa kati ya jana na leo. Akamshika tasi mmoja mkiani, akaenda naye moja kwa moja kwa Fortunata, mkaanga samaki kutoka Masasi, ambaye karai lake lina umri mkubwa kuliko ndoa za watu. Akamuuliza kama amewahi kuona tasi mdogo hivi. Fortunata akamtazama huyo samaki, akamtazama Moza, akasema anakaanga wa hivyo kila siku ya Mungu, mwaka huu, na mwaka jana, na juzi yake. Wakubwa wanaenda mahotelini, alisema, na kwenye ndoo yako.

"Ndoo yangu?"

"Kwani hujui, mama Anfal? Yule bwana anazunguka matenga yote anakuchagulia. Wewe hupimi samaki, shoga. Unapima heshima ya Awadhi."

Akageuza samaki wake kwenye mafuta, akaendelea na kazi, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Moza alitafuta mahali pa kukaa akapata ndoo tupu iliyofudikizwa, akakaa hapo hapo kwenye moshi. Miaka mitatu. Maelfu ya samaki aliowaandika kwa mkono wake, na wote walikuwa wamechaguliwa.

Hakukaa sana, simu ikaita. Daktari Rogath. Shikamoo mama, marahaba, habari za Feri. Alikuwa na furaha yule mtu, hata alikuwa akicheka mwenyewe. Amemaliza kupitia namba zote, Alhamisi atasimama mbele ya maofisa na wavuvi aseme kufunga bahari hakuna haja, samaki wakubwa wapo tele. Takwimu zako, mama, zimetuokoa na ugomvi. Moza alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Kilichotoka kilikuwa ahsante sana baba, na simu ikakatika, naye akabaki ameishikilia sikioni kama vile kuna mtu bado anaongea.

Nyumbani hakula. Anfal, ambaye anauza mabaibui duka la Msimbazi na hana subira na huzuni za watu wazima, alimbana mpaka akasema yote. Binti akasikiliza huku anatafuna, akatoa hukumu.

"Mama, kaushia. Nani atajua? Wavuvi watafurahi, Daktari atafurahi, jina lako liko kwenye kava. Ukisema utafukuzwa na juu yake utachekwa."

Usimlaumu Anfal, nusu ya mji ingesema hivyo hivyo, na nusu nyingine ingefikiria tu. Na Moza alijua kila neno lilikuwa kweli. Aliwaona wale vijana wenye digrii wakiambiana unaona sasa, ndiyo kazi ya kumpa mama wa kidato cha nne. Aliona muuza genge. Aliona jina la baba yake, maana Humoud ndilo lililokuwa kwenye jalada, likifutwa kwa kalamu nyekundu. Upande wa pili aliwaona wale tasi wa kumi na tano wakivuliwa mwaka huu, na mwaka ujao, kwa ruhusa aliyoitoa yeye. Gauni la zambarau lilishafika. Fundi, ambaye maisha yake yote hajawahi kutimiza ahadi, safari hii kaleta kabla ya siku. Likaning'inia mlangoni, na Moza kila akigeuka linamtazama.

Jumatano Awadhi alirudi. Moza hakumfuata, alijibanza nyuma ya nguzo ya soko, mtu mzima na heshima zake, akachungulia. Akamwona anaanza tenga la kwanza, mkono unaingia, unapekua, unatoka na samaki mmoja. Tenga la pili, wawili. La tatu, hakuna. Akahesabu mpaka matenga tisa, na jasho linamtiririka yule mzee wa watu, na wenye matenga wanamkunjia uso kwa kuwavurugia mzigo. Kisha akaja na ndoo, meno nje, akasema leo kampatia wazuri.

"Kaka Awadhi, kwa nini unanichagulia?"

Alishangaa kwa dhati. "Nikuletee takataka? Wewe?"

Na hapo, bila kujua anasema nini, akaanza kulalamika kidogo, kama mtu anavyolalamikia kazi anayoipenda. Alisema siku hizi kumpatia thelathini ni shughuli. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anaokota kwenye tenga moja tu, ndoo inajaa, anarudi mnadani chai yake haijapoa. Sasa ni matenga tisa, kuna siku kumi na moja, na bado anachomoa wawili watatu kwenye mzigo wa mahoteli.

Moza akaitazama ile ndoo. Kumbe ndiyo hiyo. Miaka mitatu ndoo haikubadilika, kilichobadilika ni mwendo wa miguu ya Awadhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza Awadhi kitu. Daktari alikuwa na kompyuta, Moza alikuwa na ubao, na habari yenyewe ilikuwa inatembea kati ya matenga na ndoo mkononi.

Ikabidi amweleze yote: ripoti, kikao, nyasi, sentimita ishirini na mbili. Ilichukua muda. Alipoelewa, Awadhi alikaa kwenye kigoda, kile kile cha Moza, akavua kofia. Kilichomtoka kilikuwa hofu tupu. Watasema Awadhi kaidanganya serikali, alisema, na dalali aliyeharibikiwa jina hana mnada. Akamwomba Moza aseme atakavyo huko kikaoni, ila jina lake asilitaje. Moza akaahidi, angefanyaje? Tangu saa hiyo mzigo ukawa mara mbili: kosa atalibeba peke yake, na ukweli pekee uliobaki wa kuweka mahali pa zile namba umo kinywani mwa mtu aliyemwahidi kumficha.

Alimpigia Daktari mara tatu jioni ile. Mara zote tatu alikata kabla haijaita.

Alhamisi ukumbi ulijaa: wavuvi, madalali, maofisa wawili watatu wenye mafaili, Fortunata kwa niaba ya wakaangaji. Awadhi alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kungoja mvua ikatike. Moza ndani ya zambarau yake alikuwa analoa kijasho. Daktari akawasha mashine, na picha ya kwanza kuonekana ukutani ilikuwa lile jalada, na jina lake likiwa kubwa kama mlango. Watu wa Feri wakapiga makofi, wakasema Mama Rula hoyee. Hapo ndipo alipopiga moyo konde, maana alijua makofi yakiisha hatainuka tena.

"Daktari, nisamehe," alisema amesimama. "Hizo namba si za kweli."

Akaeleza. Alifundishwa kumwaga tenga, akakaa kwenye kigoda. Aliletewa samaki waliochaguliwa, akawapima, hakuuliza. Kosa ni lake, hakuna mwingine. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mvuvi mwingine akasema kwa sauti kwamba mama huyu ameshanunuliwa na wanaotaka kufunga bahari. Hilo lilimchoma Moza kuliko kicheko. Daktari Rogath uso ulikuwa umemshuka. Akauliza polepole, kwa hiyo miaka mitatu hatuna kitu?

Kuna kimoja, Moza akajibu. Samaki wakubwa thelathini, mwaka wa kwanza walipatikana kwenye tenga moja. Sasa wanatafutwa kwenye matenga tisa mpaka kumi na moja.

Daktari akavua miwani. "Nani aliyehesabu, mama?"

Moza akaangalia viatu vyake.

"Nauliza kwa sababu bila shahidi siwezi kuiandika."

Moza hakuinua macho. Alichokiona wazi ni kwamba anakaribia kupoteza vyote viwili, jina lake na ule ukweli, kwa ajili ya ahadi. Ofisa mmoja akaanza kufunga faili. Kisha nyuma kabisa, kiti kikakwaruza sakafu.

Awadhi alikuwa amesimama, kofia mkononi. Sauti ile ya kufika Kigamboni siku hiyo haikufika hata safu ya mbele, ikabidi aombwe arudie.

"Mimi ndiye ninayejaza ndoo," alisema. "Nilimchagulia wakubwa kwa ajili ya marehemu baba yake. Sikujua kama nawaficha wadogo." Akamgeukia Daktari. "Tenga moja, Daktari. Sasa kumi na moja. Na wote humu ndani mnajua."

Moza alingoja wapinge. Aligeuka kabisa akawatazama wale wavuvi, aliyecheka na aliyemsema kanunuliwa, akingoja hata mmoja aseme Awadhi mwongo. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanaangalia sakafu, wanaume wazima, na ukimya ule ulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia tangu azaliwe. Siku mbili alikuwa akiliogopea jina lake. Sasa hofu ilihama, ikaenda kwa wale tasi wa kumi na tano na bahari yao.

Ripoti ikaondolewa, jalada halikuchapwa. Daktari hakumkaripia, alisema kipimo kitaanza upya kwa miezi sita, na madalali wote wataulizwa habari ya matenga, na suala la nyasi litarudi mezani. Kama baada ya miezi sita kazi itakuwepo au haitakuwepo hakusema, na Moza hakuuliza. Jioni Anfal alitaka kujua kama amefukuzwa. Bado, alijibu, akavua gauni akalikunja.

Ijumaa asubuhi Feri kigoda hakikuwepo. Awadhi alikuja amekumbatia tenga zima, akalibwaga miguuni pa Moza, akalimimina lote juu ya turubai. Kisha akageuza uso pembeni, kama mwenyeji aliyefumaniwa na wageni jikoni sufuria ikiwa tupu. Kanga kiunoni, Moza akainama. Mkono wake ulimgusa mmoja mdogo, akamlaza ubaoni, pua kwenye ukingo, akamnyoosha mkia.

"Kumi na nne," alisema.

Pembeni yake kulikuwa na mwingine, mkubwa, anang'aa, ishirini na nne huyo hata bila ubao. Mkono wa Moza ukasita juu ya turubai, miaka mitatu si mchezo, na kalamu haikuwa imegusa karatasi bado. Awadhi akauona ule mkono.

"Andika, dada," alisema. "Andika huyo huyo mdogo."